Jibu la Shairi ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika mji wetu wa Tunduma lugha hupishana kama malori yanavyopishana mpakani. Mtoto huamka akasema Kinyamwanga na bibi yake, akacheza na wenzake wa upande wa Nakonde kwa Kibemba, akaenda shule kusoma kwa Kiswahili, na alasiri akaja chuoni kusoma Qur'ani kwa Kiarabu. Ukipanda kwenda Vwawa na Mlowo utakuta Kinyiha, ukishuka Ileje utakuta Kindali. Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini mchanganyiko huu wa ndimi ni wa zamani kuliko mipaka yote.

Katika mchanganyiko huo wapo vijana wanaotunga mashairi ya Kiswahili. Huyaandika nyuma ya madaftari, na siku hizi hutumiana kwa simu. Nimewauliza wengi wao kwa nini hutunga mawili matatu kisha wakaacha, na majibu yao hurudi kwenye mambo mawili. La kwanza husema kwamba ushairi ni mali ya watu wa Pwani, na mtu wa bara ni mgeni tu. La pili husema kwamba walipoonyesha kazi zao hawakujibiwa na mtu, au walijibiwa kwa dhihaka.

Jambo la kwanza ni kosa la historia. La pili ni kosa la adabu. Kusudio la makala haya ni kuyajibu yote mawili pamoja, maana tukiifuata historia tutaona kwamba ushairi wetu ulikua pale tu mtu alipotunga na mwenzake akamjibu, na kwamba ni kujibizana huko kulikowaingiza watu wa bara katika ushairi wakawa wenyeji.

NENO MOJA LA MTUME

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Sharid bin Suwaid (R.A.) alipanda nyuma ya Mtume (S.A.W.) katika mnyama mmoja. Mtume akamwuliza kama amehifadhi chochote katika mashairi ya Umayya bin Abi as-Salt. Akasema ndiyo. Akaambiwa asome, naye akasoma ubeti mmoja. Mtume akasema, "Hih," yaani: ongeza. Akasoma wa pili, akaambiwa ongeza. Wakaendelea hivyo hata akasoma beti 100.

Tulizingatie tukio hili, kwani lina mafunzo makubwa. Umayya alikuwa mshairi wa Thaqif, watu wa Taif, na hakufa katika Uislamu. Pamoja na hayo Mtume alitaka kuyasikia maneno yake kwa sababu yalikuwamo ndani yake maneno ya kumpwekesha Mungu. Wala Mtume hakutoa hotuba ya kumsifu msomaji. Alitoa neno moja, akalikariri, na neno hilo likavuta beti 100. Basi ni nani kati yetu anayeweza kusema kwamba kumtia moyo mtunzi ni jambo dogo au la kupoteza wakati?

Wapo wanaoichukua Sura ya Ash-Shuaraa wakasoma pale washairi walipolaumiwa, kwamba hutangatanga katika kila bonde na husema wasiyoyatenda, kisha wakaufunga msahafu. Huko ni kuisoma nusu. Aya ya 227 inawatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema, wakamkumbuka Mungu kwa wingi, na wakajitetea baada ya kudhulumiwa. Tazama, msomaji: katika sifa zinazomtoa mshairi lawamani, mojawapo ni kujibu kwa haki. Wafasiri wameieleza kwa washairi wa Waislamu waliowajibu Makureshi, kama Hassan bin Thabit, Abdullah bin Rawaha na Kaab bin Malik (R.A.).

Na jibu lenyewe liliwekewa mpaka. Hassan alipotaka kuwajibu Makureshi, Mtume alimwambia asifanye haraka, bali aende kwanza kwa Abubakar (R.A.), aliyekuwa mjuzi mno wa nasaba za Makureshi, amfundishe, kwa kuwa Mtume mwenyewe alikuwa wa nasaba hiyo, na hakutaka mshale umpate asiyehusika. Hassan akaenda, akajifunza, kisha akajibu. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya malumbano katika historia yetu: jifunze kabla ya kujibu.

Mwaka wa 9 wa Hijra ulipokuja ujumbe wa Bani Tamim Madina, walikuja na khatibu wao na mshairi wao, Zibriqan bin Badr, kushindana kwa fahari. Thabit bin Qais alimjibu khatibu na Hassan akamjibu mshairi. Walipokwisha, mkubwa mmoja miongoni mwao, Aqra bin Habis, alikiri kwamba khatibu na mshairi wa Waislamu ni bora kuliko wao, na ujumbe ule ukasilimu. Walikuja kushindana wakaondoka ndugu. Jibu zuri hufungua mlango.

MAADUI WALIOLILIANA

Haifai kuipamba historia. Baada ya wakati wa Masahaba, katika enzi ya Bani Umayya, walitokea Jarir na Farazdaq, wote wawili wa kabila la Tamim, wakajibizana kwa muda wa miaka 40 hivi. Watu wa Basra walikusanyika katika soko la Mirbad kusikiliza. Sharti la mchezo wao lilikuwa gumu: anayejibu lazima atumie bahari ile ile na kina kile kile alichotumia mwenzake. Kwa sharti hilo walitunga Kiarabu kilichonyooka mno, hata wanachuoni wa lugha wakakitolea ushahidi. Lakini ndani yake mliingia matusi ya wazazi na ya wanawake wasio na hatia ambayo mwalimu huona haya kuyasoma mbele ya wanafunzi.

Hata hivyo Farazdaq alipofariki, Jarir alimtungia shairi la maombolezo, na yeye mwenyewe hakukaa muda mrefu akamfuata. Mtu aliyemtukana mwenzake miaka 40 alihisi, siku ya mazishi, kwamba nusu ya sauti yake imezikwa. Sisi tunajiuliza: je, si bora kuujua mapema uzito wa mwenzako, kabla ya kaburi kukufundisha?

MVITA NA LAMU

Tuje kwetu. Katika Mvita ya zamani aliishi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Wataalamu husema kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Tusiichukue kauli hii kwa ubaya. Kabla yake tenzi nyingi zilizohifadhiwa zilikuwa za dini na mawaidha. Yeye alitia katika beti za mishororo minne habari za vita, biashara, njaa, ndoa, urafiki na usaliti. Na sehemu kubwa ya beti hizo zilikuwa ama swali au jibu.

Ilikuwa zama za uhasama kati ya Mvita ya Mazrui na Lamu, uhasama uliofikia vita vya Shela karibu na mwaka 1812. Upande wa Lamu alikuwako Zahidi Mngumi, kiongozi na mtunzi, akilumbana na Muyaka. Watu wa miji miwili waliokuwa wakitishana kwa silaha walikuwa bado wakijibizana kwa mizani na vina. Yaani hata katika uadui walikubaliana jambo moja: kwamba atakayesema ovyo, bila kutimiza mizani, ameshindwa kabla ya kujibiwa.

Ndani ya miji pia walikuwa na mafumbo. Katika ngoma ya gungu mtu hufumba kwa shairi, na mwingine lazima afumbue kwa shairi. Asiyeweza kufumbua huketi. Hapo ndipo mtunzi asiye na jina alipojipima, maana hapakuwa na shule ya ushairi wala cheti. Shule ilikuwa yule aliyesimama mbele yako.

Sasa tazama namna kazi hizo zilivyotufikia. Muyaka hakuacha kitabu. Karibu na mwisho wa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizikusanya beti hizo kutoka vifuani mwa watu, pamoja na maelezo: hili lilisemwa na nani, kwa sababu gani, na akajibiwa vipi. Mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, aliyaandika na kuyahifadhi, na hatimaye William Hichens akatoa diwani mwaka 1940 huko Johannesburg. Bila ya yale maelezo ya Mwalimu Sikujua, beti nyingi zingebaki kama mlango usio na nyumba. Shairi la kujibu likipoteza swali lake hupoteza nusu ya maana. Huyu mwalimu hakujulikana na wengi kama malenga mkubwa, lakini bila ya uaminifu wake tungekuwa maskini sana leo.

KARANI, MWALIMU NA MFANYABIASHARA

Ushairi wa kujibizana ulipandaje bara? Njia zilikuwa nyingi: misafara, vyuo vya Qur'ani, maulidi, ngoma. Lakini njia moja ilikuwa pana kuliko zote kwa watu wasio na jina, nayo ni gazeti. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza ilianzisha Dar es Salaam gazeti la kila mwezi lililoitwa Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na lilikuwa na mipaka yake. Mhariri ndiye aliyekuwa na mkasi. Lakini lilitenga nafasi kwa mashairi ya wasomaji, na wasomaji wakaifanya nafasi hiyo baraza.

Taratibu ilikuwa hivi. Mtu wa Tabora hutunga shairi akauliza maana ya neno, au akalalamikia desturi fulani ya harusi, au akafumba fumbo. Hulianza kwa kumwomba mhariri nafasi, na huishia kwa kutaja jina lake na mji wake, au jina la kupanga. Mwezi unaofuata, au miezi mitatu baadaye, hutokea mtu wa Tanga au Ujiji akamjibu, mara nyingi kwa mizani ile ile na kituo kinachogongana na cha kwanza. Kisha wa tatu huwaamua. Watu hawa hawakuwahi kuonana. Walikuwa makarani, walimu, askari, wauza duka, wapishi. Lakini kila mmoja alijua kwamba akikosa mizani atasahihishwa mbele ya nchi nzima, na akipatia atapata salamu kutoka mji ambao hajaufika. Mashairi hayo yalipata heshima hata baadhi yake yakachapwa vitabuni London katika miaka ya 1940.

Na ni akina nani walioinukia katika kizazi hicho? Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, wazee wake wakiwa Wayao. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na mashairi yake ya mwanzo yaligonga mlango wa magazeti kama ya mtu mwingine yeyote. Hapa Tunduma, mji wa forodha, ambapo kila siku tunawaona makarani wakigonga mihuri, tuna haki ya kukumbuka kwamba mwandishi aliyekuja kuheshimiwa kuliko wote katika Kiswahili alikuwa mtu wa kazi hiyo hiyo.

Wapo pia wana wa Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, mbali na bahari: Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa 1924, na Saadani Abdu Kandoro, aliyezaliwa 1926. Kandoro alikuwa miongoni mwa waliokiunda chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, na katika siku ambazo siasa ilikuwa hatari kusemwa wazi, alitumia fumbo la siafu wanaomkabili nyoka, aliyefahamu alifahamu. Amri Abedi alitoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akawa baadaye Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na Waziri, akafariki 1964. Tofauti za madhehebu kati yake na wengi wetu zipo, na mahali pake ni pengine. Katika vina na mizani alikuwa mwalimu wa watu wote, na kitabu chake kilimwezesha kijana wa bara asiye na babu malenga kujua ni kwa kanuni gani shairi lake litapimwa.

Na yupo Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, Mkristo Mkatoliki, aliyezaliwa 1917 akafariki 1969. Huyu hakuzaliwa katika Kiswahili wala katika Uislamu, lakini alikuja kuwa mwenyekiti wa chama cha washairi, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, akikaa baraza moja na masheikh. Ukikumbuka habari ya Mtume na beti za Umayya hutastaajabu. Hekima husikilizwa inapotoka.

Basi anayemwambia kijana wa Kinyiha au wa Kinyamwanga kwamba ushairi si wake, amwambie kwanza Mgogo huyu. Hakuna aliyempa Mnyampala ruhusa. Alitunga, akajibiwa, akajibu.

JIBU LILILOANDIKWA KABLA YA SWALI

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza kwa watu. Mnyampala akaikuza aina ya ushairi iitwayo ngonjera, ambamo wanafunzi wawili au zaidi husimama na kusemezana kwa beti: mmoja hajui au anapinga, mwingine anamfahamisha, na mwishowe wote hukubaliana. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, na shule zote nchini zilighani. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka iliyofuata tulijifunza kusimama mbele za watu kwa sababu ya ngonjera, na wema huo hatuukani.

Lakini historia yataka uadilifu. Katika ngonjera, mkono ulioandika swali ndio ulioandika jibu. Yule anayepinga amewekwa ili ashindwe. Hapo mwanafunzi hujifunza sauti na ishara, ila hajifunzi kusikiliza, kwa maana hakuna jipya litakalotoka kinywani mwa mwenzake.

Lipo tukio lingine la miaka hiyo hiyo la kulinganisha nalo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa. Huko kifungoni, akiwa ametengwa na watu, alitunga mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mojawapo ni la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Hapo pia mkono ni mmoja, lakini kila ndugu amepewa hoja zake kwa ukamilifu, hata msomaji hulazimika kupima mwenyewe. Mtu aliyenyimwa wa kumjibu alijitengenezea mpinzani, na akamfanyia uadilifu. Asiyemfanyia uadilifu mpinzani wake hata katika karatasi yake mwenyewe, je, atamfanyia barazani?

UGOMVI WA VINA

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa diwani iitwayo Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Karibu na wakati huo M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi nao walitoa diwani zao za njia mpya, ikiwamo Malenga wa Bara ya mwaka 1976. Wakongwe wakasimama. Kandoro alitoa mwaka 1978 kitabu cha kuutolea ushahidi ushairi wa kale. Wengine wakafuata kwa makala na mashairi magazetini, na mjadala ukaendelea miaka mingi.

Sisi wa chuoni moyo wetu u pamoja na vina na mizani, hatufichi. Sikio lililolelewa na kasida na Barzanji hutaka mizani kama mguu unavyotaka ardhi. Lakini tukitazama nyuma tunaona kwamba faida kubwa ilipatikana pale pande mbili zilipojibizana kwa hoja. Wakongwe walilazimika kueleza yale waliyokuwa wakiyafanya kwa mazoea tu, na vijana walilazimika kujifunza yale waliyokuwa wakiyakataa. Hasara ilitokea pale mtu alipoambiwa tu kwamba yeye si mshairi. Hilo si jibu. Ni kufunga mlango.

VIMONDO VIWILI

Katika mkoa wetu, kijiji cha Ndolezi wilayani Mbozi, lipo jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni. Urefu wake ni kama mita 3 na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Watu wa nje walilijua mwaka 1930. Hata watoto wetu wakisikia neno kimondo, hulifikiria jiwe la Mbozi.

Lamu neno hilo lina habari nyingine. Katika uchaguzi wa Bunge wa miaka ya 1974 na 1975, watu wa Lamu walitungiana mashairi ya kushambuliana, yakarekodiwa katika kanda na kusikilizwa nyumba hata nyumba. Yakaitwa kimwondo, kwa kukumbusha vile vimondo ambavyo Qur'ani imetuambia, katika Sura ya As-Saffat na ya Al-Mulk, kwamba hurushiwa mashetani. Miongoni mwa waliotunga alikuwa kijana Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ajulikanaye kama Ustadh Mau, aliyezaliwa 1952, ambaye mwaka huo huo wa 1974 alitunga pia utenzi wa wasia kwa mabinti, na ambaye amekuja kuwa imamu na mlezi wa watu katika mji wake.

Jina hilo lina onyo ndani yake. Kimondo humrushia shetani. Anayekirusha lazima awe na yakini kwamba aliyesimama mbele yake ni shetani, wala si ndugu yake aliyekosa kina. Na jiwe likishaanguka haliinuliki; la Ndolezi lipo pale pale mpaka leo. Neno la kumvunja mtu moyo nalo huanguka hivyo, likakaa ndani ya mtu maisha yake yote, na waliolirusha wameshasahau.

NASAHA KWA WATUNGAO NA WAJIBUO

Chuoni kwetu tumeweka kanuni kwamba mwanafunzi akisoma ubeti wake, hakuna ruhusa ya kumsahihisha mpaka kwanza mtu amjibu kwa ubeti. Binti mmoja wa Kinyiha alisoma beti juu ya mvua iliyochelewa na kahawa inayokauka. Kijana mmoja aliyekuwa tayari kucheka aliambiwa ajibu. Alikaa na kalamu kwa saa nzima akihesabu mizani kwa vidole. Alipomaliza hakuwa na hamu ya kucheka tena, maana alikuwa amekwisha jua uzito wa mzigo aliotaka kuudharau. Yule binti alimsahihisha kina kimoja, naye akashukuru.

Kwa hayo tuliyoyapitia, tunawausia ndugu zetu mambo manne:

1. Mtu akikuonyesha shairi lake, amekuwekea amana. Mjibu, japo kwa neno moja. Mtume (S.A.W.) alitosheka na "ongeza," nasi tusione uzito.

2. Usimsifu kwa uongo. Sifa ya uongo humwacha mtu pale alipo. Mwambie mshororo upi umekugusa na upi umepungua mizani, kama walivyofanya wasomaji wa Mambo Leo kwa watu wasiowajua hata kwa sura.

3. Kabla ya kupinga, jifunze, kama Hassan alivyotumwa kwa Abubakar. Jibu hoja, wala usiguse wazazi wa mtu, kabila lake, lafudhi yake au dini yake.

4. Hifadhi shairi pamoja na jibu lake, na andika sababu. Mkumbuke Mwalimu Sikujua. Yanayotungwa leo Tunduma, Vwawa, Ileje na Mkwajuni yatapotea yote kama hakuna atakayeyaweka.

Ndugu msomaji, Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa. Tumeona kwamba hata Muyaka alihitaji wa kulumbana naye, na Jarir alimlilia aliyempinga. Huenda katika mtaa wako yupo kijana ambaye ubeti wake wa kwanza una makosa matano na neno moja la kweli. Makosa matano atayaona kila mtu. Lile neno moja lahitaji mtu wa kuliona na kumwambia: ongeza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wasikiao kauli wakafuata iliyo njema zaidi. Wabillahi tawfiq.